Mwaka Tuliokaguliwa na Nchi Tatu

Juzi mmoja wenu alinipigia simu. Sauti changa, yenye haraka. "Mathe," ndivyo mnavyowaita mama zenu siku hizi, "wakaguzi wanakuja wiki ijayo. Tuwaonyeshe nini?" Nikamwambia, waonyesheni kile kilichoko. Akasema, "Sasa si hiyo ndiyo shida." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nimestaafu siku nyingi, nafuga kuku huku Kabazi, na kumbe swali bado ni lile lile.

Basi nimeona niwaandikie, nyinyi mnaoingia ofisi za mitihani na za uhakikisho wa ubora sasa, mkiwa na kompyuta zenu na majedwali ya rangi rangi. Sina mengi ya kuwafundisha kuhusu kompyuta. Nilichonacho ni mambo niliyoyaona kwa macho yangu katika chuo kimoja cha Bonde la Ufa ambacho sitakitaja jina. Mengine yalinichekesha. Moja lilinifanya niheshimu karatasi ya mtihani kama mtu anavyoheshimu kitabu cha dini, na nitalifikia.

Kazi yetu, kwa yule ambaye ndiyo anaanza, ni rahisi kueleza. Chuo kinasema kinatoa shahada. Mtu wa nje anakuja kuuliza, mnasema kweli? Akiridhika, chuo kinapata ithibati. Asiporidhika, mwanafunzi aliyesoma miaka minne anabaki na karatasi nzuri ya kuning'iniza ukutani na hakuna mwajiri anayeitambua. Hayo tu. Yaliyobaki yote ni mafaili.

Nilianza kama mpiga taipu, na ukaguzi wangu wa kwanza nilitaka niwe shujaa. Wiki moja kabla ya wakaguzi kufika tuligundua kwamba kamati ya mitihani ilikuwa imekutana kwa miaka mitatu bila mtu kuandika kumbukumbu za mikutano. Nikajifungia ofisini siku mbili nikaziandika zote. Nikatunga ajenda, nikatunga mabishano, nikaweka orodha ya waliohudhuria, na penye sahihi nikasaini kwa kubadilisha mwandiko. Nilijisifu sana. Mkaguzi alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani ya kamba. Alifungua faili langu, akalipeleka dirishani, akalinusa. Halafu akaniita.

"Mama, kamati yenu ina kalamu moja?"

Akageuza ukurasa. "Na huyu mwalimu hapa, si ndiye mlisema yuko masomoni Japani mwaka huo? Alikuwa anakuja mikutano Nakuru na kurudi?"

Aliyeniokoa ni mkubwa wangu, Madam Chelangat, mkuu wa ofisi ya mitihani. Alikuwa mama mzito wa mwili na mwepesi wa maneno, mtu wa Olenguruone, anayevaa sweta la kijani Januari mpaka Disemba. Alimwambia yule mzee, "Ni uongo. Mikutano ilifanyika, kumbukumbu hazikuandikwa. Tuandikie kosa." Tukaandikiwa kosa. Walipoondoka nikamwambia niko tayari kuandika barua ya kuacha kazi. Akasema, "Kaa chini. Sasa ndiyo umeanza kazi. Tabitha, faili lisilo na kasoro ni faili la uongo. Likiwa na chai iliyomwagika, sahihi ya mtu mwenye hasira na tarehe iliyokatwa ikaandikwa upya, hilo ni faili la watu waliofanya kazi."

Alinifundisha na mengine. Usipake ukuta rangi wiki ya ukaguzi, maana mkaguzi ataegemea, na suti yake itakuwa ushahidi. Kagua choo cha wanafunzi kabla ya maktaba, kwa sababu yeye atakwenda choo kwanza. Na ukitaka kujua kama chuo chako kina ubora, usisome sera. Chukua namba ya mwanafunzi mmoja tu, umfuate kutoka darasani mpaka kwenye cheti. Nani alitunga mtihani wake? Nani aliukagua kabla haujapigwa chapa? Nani alisahihisha? Nani kutoka nje alihakikisha kwamba aliyesahihisha hakupendelea? Njia hiyo ikikatika mahali, hapo ndipo penye kazi yako.

Nimesema namba, sikusema jina. Mwanafunzi haandiki jina lake kwenye karatasi ya mtihani. Anaandika namba. Orodha ya kulinganisha namba na majina inafungwa ndani ya bahasha, bahasha inatiwa mhuri, inawekwa kwenye chumba cha mitihani, na haifunguliwi mpaka siku ya bodi, kikao kinachopitisha matokeo. Nilidhani ni utaratibu tu, kama kupiga foleni. Sikujua uzito wake mpaka mwaka wa 2008.

Wakati huo tulikuwa na shahada ya pamoja ya sayansi ya maziwa. Vyuo vitatu: chetu, kimoja cha Uganda, na kimoja cha Uholanzi. Mwanzoni kila nchi ilileta wakaguzi wake. Wa hapa kwetu walitaka mafaili yapangwe kwa somo. Waganda walitaka kwa mwaka. Waholanzi walitaka kwa malengo, na mpaka leo sina hakika niliyaelewa malengo hayo. Kuna muhula nilipanga mafaili yale yale mara tatu, yakawa na lebo tatu tatu kama mizigo ya uwanja wa ndege. Kisha mwaka wa 2007 nchi hizo zikakubaliana juu ya jambo ambalo lilikuwa geni kabisa kwetu: jopo moja, ziara moja, ripoti moja. Mkipita, mmepita katika nchi tatu. Mkianguka, mmeanguka katika nchi tatu. Madam Chelangat aliposoma barua hiyo alivua miwani akasema, "Hii ni kama kuolewa na koo tatu kwa siku moja."

Kulikuwa na wanafunzi ishirini na wawili katika kundi la kwanza la shahada hiyo. Walifanya mitihani yao Disemba, kabla ya uchaguzi. Jopo lingekuja baada ya mwaka mpya, na karatasi hizo za Disemba ndizo wangetaka kuziona. Tukafunga chumba cha mitihani kwa Krismasi. Mlango wake ulikuwa na kufuli mbili, moja ya Madam na moja yangu, ili mtu yeyote asiingie peke yake. Yeye akaenda kwao Olenguruone na ufunguo wake, mimi nikaja kwetu Kabazi na wangu.

Sitawaeleza mengi ya Januari ile, matokeo ya kura yalipogombaniwa na watu wakageukiana. Wazazi wenu waliiona, waulizeni kwa upole, na wakikataa kusema msiwasukume. Niseme tu kwamba jina la mtu lilikuwa limegeuka kuwa jambo la kufa na kupona. Unasimamishwa barabarani, unaulizwa kitambulisho, na anayekisoma hatazami picha. Anasoma jina. Chuo kilifungwa. Watu wa kwa Madam na watu wa kwetu walitendeana mambo ambayo mkono wangu hautaki kuyaandika hata sasa.

Wakubwa walipopatana kule Nairobi, chuo kikaita wafanyakazi. Nikakuta barua mezani kwa mkuu wa kitivo. Jopo lilikuwa limeahirisha ziara mara moja kwa ajili yetu. Lingekuja Aprili, au shahada ingeahirishwa na wenzetu wa Uholanzi wangejitoa. Wanafunzi ishirini na wawili wangerudi nyumbani bila kitu.

Mkuu wa kitivo alikuwa mtu mwema mwenye woga. "Tabitha, fungua chumba tuanze kupanga."

"Nina ufunguo mmoja, Profesa. Mwingine uko Olenguruone."

"Tuite fundi avunje."

Nikamwambia tukivunja, kitu cha kwanza jopo litakachoona ni mlango uliovunjwa. Akashika kichwa. Barabara ya kutoka Olenguruone ilikuwa bado inapitika kwa shida, na hakuna aliyejua kama Madam angetaka kurudi mjini, wala kama alikuwa salama. Nilimpigia simu siku tatu. Ya nne akapokea. Nikamweleza. Akasema, "Nakuja," akakata.

Alikuja na lori la maziwa lililosindikizwa na polisi. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia, niliyatunga usiku kucha kama zile kumbukumbu za kamati. Nikamwona anapanda ngazi taratibu na sweta lake la kijani, na maneno yote yakanitoka kichwani. Alifika mlangoni, akanitazama viatu mpaka kichwa.

"Umekonda," akasema.

"Na wewe, Madam."

"Ufunguo unao?"

"Ninao."

"Basi fungua kwa wako kwanza. Wangu umeshika kutu."

Nilifungua kwa wangu, naye akafungua kwa wake. Nimesikia mapatano mengi yakitangazwa kwenye redio tangu siku hiyo, lakini mimi yangu ni ya mlango ule.

Ndani kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa mabunda mawili ya karatasi, ya sehemu mbili za mtihani mmoja. Kitabu cha kutolea karatasi kilionyesha kwamba zilichukuliwa na Daktari Okoth, mwalimu wa vijidudu vya maziwa, azisahihishie nyumbani wakati wa likizo. Siku hizo iliruhusiwa, na Madam alikuwa akiilalamikia ruhusa hiyo kila mwaka. Daktari Okoth alikuwa mtu mrefu asiyependa mazungumzo. Alipanga nyumba mtaa wa Kaptembwo, karibu na kibanda ambako mke wake alikuwa akishona nguo. Simu yake ilikuwa imezimwa. Na sote tulijua upande ule wa Kaptembwo ulikuwa umeungua.

Mkuu wa kitivo alitukalisha ofisini kwake, akafunga mlango. Alizungumza akiangalia kalenda. "Wanafunzi wamerudi. Tutunge mtihani mwingine wa vijidudu, waufanye wiki hii. Tuandike tarehe ya Disemba. Nani ataumia?"

Nakiri mbele yenu kwamba nilishawishika. Niliona sura za wale wanafunzi. Nikajiambia, huu ni uongo wa kuokoa watu. Madam alikuwa akifuta miwani yake kwa ncha ya sweta.

"Profesa," akasema, "hujauliza kama Okoth yu hai."

Profesa akaacha kuangalia kalenda.

"Kabla ya kumtafutia mtihani mwingine, tumtafute mtu. Tabitha, chukua mwavuli."

Tulitafuta siku mbili. Tulianza na uwanja uliojaa mahema, tukaenda kituo cha polisi, kisha makanisani. Tulitembea pamoja, mama wa Olenguruone na mama wa Kabazi, na watu walitutazama kama ng'ombe aliyefungwa nira na punda. Kwenye kambi moja kijana wa langoni alinivuta kando. "Mathe, huyu umekuja naye ni wa wapi?"

"Ni wa ofisi ya mitihani," nikamjibu. Akatupisha.

Siku ya pili, nyuma ya kanisa moja, tulisikia cherehani. Mama mwembamba alikuwa ameketi chini ya turubai, anashona shuka kuukuu kuwa nguo za watoto. Tukamsalimia, tukamuuliza kama anamjua Daktari Okoth. Alitutazama, akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Mwenye makaratasi? Huyo ni mume wangu. Mimi ni Mama Beryl. Nyinyi ndio mlimpa yale makaratasi?"

Madam akasema ndiyo, ni sisi.

"Basi niwaambie. Moto umeshika nyumba ya jirani. Watu wanabeba magodoro. Mimi nina mtoto mgongoni na kichwa cha cherehani mkononi. Nageuka, yeye anarudi ndani. Nikajua anafuata vyeti vya watoto. Anatoka amebeba gunia la mahindi. Nikashukuru Mungu, nikasema angalau tuna unga. Tumefika hapa, nafungua gunia nipike." Akasimamisha cherehani kwa kiganja. "Ni makaratasi matupu. Mimi sijawahi kumtazama mwanaume namna ile."

Alituonyesha kwa kidevu. Daktari Okoth alikuwa nyuma ya jikoni la kanisa, ameketi juu ya kreti ya soda, kreti nyingine mbele yake kama meza. Alikuwa anasahihisha.

Alisimama alipotuona. Alikuwa na kovu la moto mkononi, jipya, la waridi. Hakuuliza habari za chuo. Alisema, "Bunda la kwanza limekwisha. La pili limebaki karatasi tatu. Samahani kwa kuchelewa." Nilitaka kulia na sikuweza, kwa sababu alikuwa amesema kama mtu aliyechelewa siku mbili kwa sababu ya malaria.

Madam alichukua karatasi ya juu. Ilinuka moshi. Pembe zilikuwa za kahawia, nyingine zilikuwa zimelowa na kukauka zikajikunja. Juu ya jalada la bunda la pili kulikuwa na maandishi ya Okoth, na niliyasoma mara mbili. Yalisema kwamba kuanzia namba tisa anatumia kalamu ya kijani kwa sababu nyekundu imekwisha na haiwezi kununuliwa hapa. Ameweka sahihi, tarehe, na mahali: kambini, nyuma ya jikoni. Kuanzia namba kumi na saba anatumia penseli, sababu ni hiyo hiyo.

"Daktari," nikamuuliza, "kwa nini hukuchukua vyeti vya watoto wako?"

"Vya watoto nitaombea nakala serikalini," akasema. "Hizi hazina nakala."

Kisha akatuambia jambo moja, polepole, maana hakuwa mtu wa maneno. Wanaume wa pale kambini walikuwa wakija kumwangalia akisahihisha. Watu waliopoteza nyumba, wengine wamepoteza zaidi ya nyumba. Wakamuuliza, hizo karatasi ni za akina nani, za watu wetu au za wale? Kuna aliyemwambia, kama kuna za wale, waangushe. Okoth akawajibu kwamba hajui.

"Wakadhani nawadanganya," akasema. "Nikawaonyesha. Namba moja mpaka ishirini na mbili, majina hakuna. Mmoja akashika karatasi akaitafuta huku na huku, akarudisha. Akaniambia, wewe una bahati, huna wa kumchukia hapo. Nilifikiria maneno hayo siku nyingi. Mimi pia nilikuwa na hasira, Madam. Ningejua majina, sijui mkono wangu ungefanya nini."

Nilikuwa nimefunga zile bahasha za majina kwa gundi na mhuri miaka kumi na mitano, huku nikiwaza chakula cha mchana. Nikaelewa siku hiyo nilichokuwa nikifunga.

Kulikuwa na tatizo moja. Namba kumi na nne, swali la tano, ilikuwa imelowa hata wino ukawa ziwa la bluu. Okoth hakukisia. Aliandika pembeni: halisomeki, si kosa la mtahiniwa. Alama akaacha wazi.

Jopo lilifika Aprili, watu watano. Mwenyekiti alikuwa Profesa Nakato kutoka Uganda, mama mdogo wa umbo, mwenye sauti ya mwalimu wa shule ya msingi. Aliyekaa kushoto kwake alikuwa Marijke, Mholanzi, aliyeandika kila kitu bila kuinua uso. Mkuu wa kitivo alitaka tuwape nakala za fotokopi ili madoa ya moto yasionekane sana. Madam alikataa. Tukaweka zile zenyewe mezani, na chumba kizima kikanuka moshi.

Marijke aliacha kuandika. Profesa Nakato alishika jalada lile lenye maelezo ya kalamu, akalisoma, akampa wa pili, naye akampa wa tatu. Lilizunguka meza nzima.

"Nani anaweza kunieleza hizi?" akauliza.

Madam alinigusa mguu chini ya meza. Nikasimama. Niliwaeleza tangu kitabu cha kutolea karatasi mpaka kreti za soda. Nikawaambia kwamba karatasi kutolewa nje ya chuo lilikuwa kosa letu tulilolijua miaka yote. Nikawaambia kuhusu namba kumi na nne. Kisha nikaketi.

Hapo mkuu wa kitivo akakohoa. Sikutarajia aseme kitu. "Lazima niongeze," akasema. "Mimi nilipendekeza tutunge mtihani mpya na kuuandika tarehe ya Disemba. Hawa akina mama wawili walikataa. Naomba liandikwe pia." Nilimheshimu mtu yule siku hiyo kuliko siku nyingine zote za kazi yake, na nilimfanyia kazi miaka tisa.

Profesa Nakato hakusifu wala kulaumu. Alichagua karatasi kumi bila mpangilio, tano za bunda lililosahihishwa nyumbani kabla ya moto, tano za bunda la kambini. Alama zikafunikwa kwa vipande vya karatasi. Wataalamu wawili wa jopo wakazisahihisha upya, kila mmoja chumba chake, kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana. Nilikaa kwenye benchi la nje pamoja na Madam. Hakuna aliyetaka chai. Katika kazi yetu hakuna mizani kali kuliko hiyo. Unaweza kuwa na sera nzuri na vyoo safi, lakini mtu mwingine akisahihisha bila kuona alama zako, ndipo unajulikana.

Walipotoka wakamwita Okoth, nasi tukaingia nyuma yake. Bunda la nyumbani lilitofautiana na la wataalamu kwa alama mbili tatu hapa na pale, jambo la kawaida. La kambini lilikuwa karibu zaidi. Karatasi mbili zililingana kabisa.

"Daktari," Profesa Nakato akasema, "nimefanya kazi hii nchi nyingi. Kwa nini ulisahihisha vizuri zaidi pale?"

Okoth alifikiri. "Pale kila moja niliisoma mara tatu," akasema. "Mara ya kwanza nilikuwa na hasira, sikuiamini alama. Ya pili nilikuwa na huruma, hiyo pia sikuiamini. Ya tatu ndiyo niliyoandika."

Marijke aliomba atafsiriwe. Alipoelewa alifunga daftari lake, akakaa hivyo, mikono juu yake.

Kuhusu namba kumi na nne, jopo lilikubali afanyiwe mtihani wa mdomo wa swali lile moja. Bahasha haikufunguliwa; tulibandika namba ubaoni, mwenyewe akajileta. Okoth alikataa kuwamo chumbani. Alisema akimwona atamjua, naye hataki kumjua kabla ya bodi. Profesa mmoja wa Uganda akauliza maswali badala yake.

Barua ilikuja baadaye: ithibati katika nchi zote tatu, pamoja na masharti manne. La kwanza lilisema karatasi za mtihani zisitoke nje ya chuo tena kamwe. Mama Beryl, nasikia, aliomba asomewe sharti hilo mara mbili.

Lakini mkiniuliza ni siku gani ninayoikumbuka, si ya barua. Ni siku ya bodi ya mitihani. Bahasha ilipasuliwa mbele ya wote. Kwa desturi yetu mkuu wa ofisi anasoma namba na alama, na msaidizi anasoma jina. Madam alisoma, nami nikasoma. Chumbani walikuwamo walimu wa kila lugha ya bonde hili, na wawili walikuwa bado wanalala kambini.

Mtajua kwamba mwaka ule majina yalisomwa sana. Nilisikia yakisomwa kwenye vizuizi, polepole, mtu akingoja kuona uso wako. Niliyasikia kambini, kwenye foleni ya unga na blanketi. Nilikwenda na jirani yangu chumba cha maiti, nikayasikia yakisomwa pale pia. Nilikuwa nimefika mahali ambapo nikisikia tu mtu anaanza kusoma orodha, naangalia mlango wa kutokea uko wapi.

"Namba moja," Madam akasema. "Sitini na tatu."

Nikasoma jina. Katibu wa bodi akasema, "Amefaulu."

Tukaendelea. Mmoja wa Kisumu, amefaulu. Mmoja wa Kampala, amefaulu. Msichana wa Molo ambaye familia yake haikuwa na nyumba tena, amefaulu. Wawili hawakufaulu, katibu akasema watarudia, na hao nao hakuna aliyeuliza ni wa wapi. Tulipofika kumi na nne Okoth alikuwa anatazama meza. Nikasoma jina. Siwaambii ni lipi, wala lugha ya mama yake. Alifaulu kwa alama sabini na moja, na swali la mdomo alilijibu vizuri kuliko yote. Okoth aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu anayepokea salamu, akaandika.

Tukafika ishirini na mbili. Madam alisoma alama, akangoja. Nikasoma jina la mwisho kwa sauti, lote, la kwanza, la kati na la ukoo, na watu waliokuwa chumbani wakalisikia wote, na hakuna aliyeogopa.

"Amefaulu," katibu akasema.